Mkeka wa Yaya na Mwamba wa Rispa

Mpendwa Yaya, dada yangu mkubwa,

Nimeolewa. Nimetaka neno hilo litangulie, kwa sababu ndilo ungependa kulisikia kabla ya yote, na kwa sababu mengi ya barua hii ni mazito. Nimeolewa na Mkasai, mtoto wa watu wa reli waliobaki hapa Kindu tangu treni ilipogeuka kitu cha kusubiri tu. Najua ungecheka. Ungeniuliza kama nimeshajifunza kusonga bidia, ugali wao, na nani atakayekula ya kwanza itakapoungua.

Jina lake ni Selestini. Anafanya kazi kwenye garaji ya reli, na mikono yake inanuka mafuta ya mashine hata siku ya Jumapili akiwa na shati jeupe. Naipenda harufu hiyo, Yaya. Nikiwa peke yangu nanusa shati lake kabla ya kulifua, halafu najiona mjinga, halafu nanusa tena. Ananibebea kikapu sokoni, na akina mama wauza samaki wanapiga kelele kwamba huyu bwana ameolewa yeye. Hajali. Jioni nikisikia baiskeli yake inaingia kwenye parsele, kiwanja chetu, nageuza uso kwenye sufuria ili asione jinsi ninavyotabasamu, na anaona.

Furaha hii yote, na wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe, na wewe uko Kalima chini ya udongo. Ndiyo maana naandika.

Kuna kitu kimetokea kati yangu na Biblia, Yaya. Usiikunje barua. Najua hukutaka tena mtu akutajie kitabu hicho, hasa sehemu yake ya zamani, maandiko ya Waebrania. Najua kwa nini. Nilikuwepo.

Nakumbuka ulivyokuwa ukinisomea kabla ya vita kuufunga mji. Mama alikuwa amekufa, baba alikuwa ameondoka na treni ya kusini na njia ikafungwa nyuma yake, ikabaki mimi na wewe. Ulinisomea Danieli na simba, ukanguruma mpaka nikajificha chini ya kitanda. Ulinisomea Yona, ukasema samaki yule bila shaka alitoka Lualaba, maana samaki wa huku ndio wenye roho ya kumeza mtu na kumrudisha. Maandiko ya zamani yalikuwa yetu. Yale mapya tuliyasikia kanisani, lakini ya zamani tuliyasikia jikoni, wewe ukichambua mchele.

Kisha mji ukazungukwa. Wapiganaji wakawa msituni, askari wengine wakawa mjini, na sisi katikati. Shamba lilikuwa karibu tu lakini lilikuwa mbali kuliko Kisangani. Chumvi ikapotea, sabuni ikapotea, watu wakavaa magunia. Siku moja ulikwenda kuchuma sombe, majani ya muhogo, ng'ambo ya kizuizi cha askari. Ulirudi bila sombe na bila sauti. Ulioga, ukaoga tena, ukakaa. Wakati ule sikuelewa. Nilielewa nilipokua, nawe ulijua kwamba nimeelewa, na hatukuwahi kuliongea.

Tumbo lilipoonekana, kikundi cha maombi kilikuja. Unamkumbuka Mama Prezidanti, kiongozi wao, mwenye sauti ya kufungua mlango bila kuugusa. Alikuambia uungame. Ulimuuliza uungame nini. Akasema Mungu anajua. Ukasema kama anajua basi hana haja ya kuambiwa. Nilicheka, na ulinifinya mkono nikanyamaza.

Musafiri akazaliwa. Ulimpa jina hilo kwa sababu, ulisema, huyu amekuja kutoka mbali bila kuuliza njia. Alikuwa na masikio ya baba yetu. Ulimwimbia nyimbo za kanisa ukibadilisha maneno, watakatifu wote wakawa wanakula ndizi. Nilimbeba mgongoni hadi mtoni na kurudi, nikaringa kama mama mzima.

Alikufa wakati wa njaa kali, pamoja na watoto wengi wa mtaa wetu. Makaburini hapakufikika, palikuwa nyuma ya mstari wa mwisho wa askari. Tulimzika nyuma ya jikoni.

Kwetu mtu akifa, watu hutandika mikeka uwanjani kwa mfiwa na kukaa naye mpaka kilio kiondolewe. Hata katika njaa ile watu walikaa. Walikuja na tumbo tupu na wakakaa. Kwako hawakuja. Alikuja Mama Prezidanti na wenzake wawili, wakasimama, hawakuvua hata viatu.

“Huyu mutoto ni kama ule wa Daudi,” alisema. “Mungu alisha kata maneno. Hatuwezi kukaa kilio juu ya hukumu yake.”

Ulikuwa unaijua hadithi hiyo. Ulikuwa umenisomea wewe mwenyewe: mfalme Daudi alimchukua mke wa mtu, mtoto akazaliwa, mtoto akafa. Niliuona uso wako ukijifunga. Mpaka leo nikifunga dirisha nakumbuka uso wako.

Basi ukatandika mkeka peke yako, nyuma ya jikoni, karibu na kile kilima kidogo cha udongo. Mbwa wa mji walikuwa wamebaki bila wenyewe, wamekonda, wanafukua popote. Ulikaa na fimbo. Mchana ulikaa, na giza likiingia ulikaa. Jirani yetu Mwislamu, Mama Zaituni, alikuletea uji kila alipokuwa na unga, akakaa pembeni yako akihesabu tasbihi yake bila kukuambia neno. Wengine walipita barabarani wakasema umeshikwa na wazimu. Nilikuja kukuuliza utaingia ndani lini, na watu wa kilio watakuja lini.

“Watu wa kilio njo mimi,” ulisema, “mimi peke yangu.”

Ulikaa mpaka mvua zikaanza na udongo ukashikamana. Kisha ulikunja mkeka, ukaingia, ukaichukua Biblia yetu ukampa mtu mwingine. Barabara zilipofunguka ulikwenda Kalima kupikia wachimbaji wa kasiterite, mawe ya bati, ukanisomesha mpaka nikamaliza sekondari. Ulirudi kila Krismasi na kitenge kipya na vichekesho vya machimboni, lakini kanisani ulinisindikiza mpaka mlangoni tu.

Na ulipougua homa ile iliyokuchukua, mama uliyepanga kwake aliniambia kwamba katekista alikuja na kitabu akitaka kukusomea. Uligeukia ukutani. Ulimwambia, “Hapana, baba. Nilisha somewa.”

Maneno hayo, Yaya. Nimeyabeba tangu siku ile. Nilikuombea, lakini kila nilipoomba niliona kama naomba kwa yule yule aliyekuhukumu. Nilikwenda misa, somo la kwanza likianza nikawa natazama bati la paa. Nilijifanya Mkristo wa nusu kitabu. Wapo wengi hapa wa namna hiyo, wanasema Mungu wa zamani alikuwa mkali na wa sasa ni mpole, kana kwamba Mungu alihamishwa kazi. Mimi nilikubali hivyo kwa sababu ilinisaidia kulala.

Kisha nikaolewa na mtu anayesoma tangu mwanzo.

Kila asubuhi kabla ya garaji, Selestini anakunywa chai na kusoma sura kwa sauti. Tulianza na uumbaji siku iliyofuata arusi. Anasoma vibaya, Yaya, anameza mwisho wa maneno, na povu la chai linabaki kwenye masharubu yake, na mimi namtazama badala ya kusikiliza. Tulipofika Yakobo aliyeamka akakuta ameozeshwa Lea badala ya Raheli, alisimama, akanifunika uso kwa kitenge, akakifunua, akanikagua polepole, akasema anashukuru, ni yule yule aliyemtolea mahari. Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani. Sikujua kwamba Biblia inaweza kurudi jikoni.

Lakini kadiri kurasa zilivyosogea, nilianza kuhesabu kimya kimya. Nilijua tunakwenda wapi. Tulipoingia vitabu vya Samweli nilimwambia turuke.

Alinitazama. “Tunaweza kuruka,” alisema. “Lakini niambie tunamkimbia nani.”

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kizuizi na sombe na Musafiri na mbwa. Alichelewa kazini. Aliegemea baiskeli yake uwanjani akiwa amenipa mgongo, na mabega yake yalitikisika. Asubuhi kadhaa tulikunywa chai kitabu kikiwa kimefungwa kati yetu. Ni mimi niliyekifungua. Nilichoka kuogopa ukurasa ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Nilisoma mimi, kwa sauti. Mfalme anamwona mke wa Uria akioga. Anatuma watu wamlete. Anatuma, Yaya, wajumbe wa mfalme wanakwenda kumchukua. Zamani tulipita hapo haraka. Kisha mfalme anamuua mume wake. Kisha Nathani nabii anakuja na kumsimulia mfalme habari ya tajiri mwenye kondoo wengi, na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu aliyekula sahani moja naye na kulala kifuani mwake, na jinsi tajiri alivyomnyakua yule mmoja akamchinjia mgeni. Mfalme anakasirika, na nabii anamwambia kuwa tajiri huyo ni yeye.

Nilisimama hapo. Nilimuuliza Selestini, “Huyu mwana-kondoo ni nani?”

Aliweka kikombe chini.

“Njo yule mwanamuke,” alisema.

Nilirudi nyuma, nikatafuta mahali nabii anapomkemea mwanamke. Hakuna, Yaya. Kila neno kali linamwendea mfalme, mwenye askari, mwenye kutuma watu. Mwanamke katika mdomo wa nabii ni kondoo aliyenyakuliwa, basi. Walichukua neno lililosemwa usoni mwa mwenye nguvu, wakaligeuza, wakampiga nalo aliyenyakuliwa. Wakakuita Daudi, wewe uliyekwenda kuchuma sombe.

Sitakudanganya. Imeandikwa pia kwamba Mungu alimpiga yule mtoto. Mstari huo upo, nimeusoma mara nyingi, na sijui niufanyeje. Selestini naye hajui. Nilimwendea padri, naye aliniambia kwamba ndani ya kitabu hicho hicho wapo wanaobisha: rafiki za Ayubu walimwambia anateseka kwa dhambi zake na Mungu akawakasirikia wao, na kuna nabii aliyesema mwana hatabeba uovu wa baba yake. Nikamuuliza, basi tufuate yupi. Alisema Wakristo husoma yote wakiwa wamemshika mkono Yesu, na Yesu alipoulizwa nani alitenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, alisema si huyo wala wazazi wake. Nilitoka hapo sijapona, lakini nilitoka nikiwa nimesimama wima.

Tukaendelea kusoma. Na karibu na mwisho wa kitabu hicho, Yaya, nimekukuta wewe.

Hatukuwahi kuisoma jikoni, na kanisani sijaisikia hata Jumapili moja. Njaa imeikumba nchi. Mfalme anaambiwa kuna damu ya zamani, iliyomwagwa na Sauli, mfalme wa kabla yake, haijalipwa. Waliouliwa watu wao wanadai wanaume wa ukoo wa Sauli, mfalme anawatoa, wananyongwa mlimani na kuachwa hapo. Wawili kati yao ni wana wa mwanamke anayeitwa Rispa. Rispa anachukua nguo ya gunia, anaitandika juu ya mwamba, anakaa. Mchana anafukuza ndege, usiku anafukuza wanyama. Anakaa tangu mwanzo wa mavuno mpaka maji ya mvua yanawamwagikia wafu.

Nilishindwa kuendelea. Selestini alikuja upande wangu wa meza akanishika kichwa kifuani, na shati lake likaharibika kwa machozi, akaenda kazini hivyo hivyo.

Sasa sikiliza linalofuata, maana zamani ningelipita. Wanaume wale waliuawa ili njaa iishe. Lakini haijaandikwa kwamba Mungu alisikia walipouawa. Mfalme alipata habari za alichofanya Rispa, akaenda kukusanya mifupa, akaizika kwa heshima, na ni baada ya hayo ndipo imeandikwa kwamba Mungu aliiitikia nchi. Baada ya mwanamke na gunia lake. Nafikiri hivi ndivyo nitakavyosoma maandiko ya zamani maisha yangu yote: nitauliza ni nani aliyekaa chini. Na nafikiri kilima kingine, na mama mwingine aliyesimama akitazama mwili wa mwanawe, na kwamba sisi Wakristo tunamtafuta Yesu katika maandiko yale kwenye viti vya wafalme, kumbe alikuwa juu kule pamoja na walionyongwa, na Rispa akimfukuzia ndege.

Laiti ningejua mapema. Laiti yule katekista wa Kalima angefungua ukurasa huo.

Imebaki moja ya kukuambia. Unajua akina mama wa kanisa wanavyokuja kumshauri bibi-arusi. Walikuja. Walikagua sufuria zangu, wakanyanyua godoro, wakauliza mambo ambayo siwezi kuyaandika. Mmoja alionja sombe yangu akasema bwana wangu bila shaka ananipenda sana, kama anakula hii na bado anarudi nyumbani. Wakacheka, nikacheka. Na kati yao, akiongozwa kwa mkono kwa sababu macho yamekwisha, alikuwa Mama Prezidanti.

Desturi yao ni bibi-arusi kusoma neno, kisha mama mkubwa kulifafanua. Walitarajia habari ya mke mwema. Nilisoma Rispa, mwanzo mpaka mwisho. Wakatazamana. Mmoja aliuliza taratibu kama hilo ni neno la arusi.

Nikasema, “Yaya wangu alikaa hivyo. Nyuma ya jikoni. Mnamkumbuka.”

Walimkumbuka, Yaya. Niliona kwa jinsi walivyotazama mikono yao. Mama Prezidanti aligeuza uso kuelekea mahali ambapo sauti yangu ilitoka.

“Tuliogopa, mutoto,” alisema. “Kila nyumba ilikuwa na mutoto mugonjwa. Kama wa yaya yako alikufa bure, na wetu wangekufa bure. Tukatafuta kosa. Tukaliona kwake.”

Nilimuuliza wa kwao ilikuwaje.

“Walikufa,” alisema.

Nilikuwa nimejiandaa kumwona ameaibika. Nilikuwa nimeisubiri aibu hiyo tangu utoto. Hakuomba msamaha, na mimi sikumpa. Sijui kama ni kwangu kuutoa. Aliniomba tu nisome tena. Nikasoma tena. Nilipofika pale mfalme anapopata habari, aliinua kidole nisiendelee.

“Nani alimuambia mufalme?” aliuliza.

Nilitazama ukurasa, nikarudi juu, nikashuka. Haijaandikwa. Imeandikwa tu kwamba aliambiwa.

Waliondoka siku hiyo bila nyimbo zao za kuaga. Tangu hapo nafikiria juu ya mtu huyo. Mtu fulani alipita chini ya mlima ule, akainua macho, akamwona mwanamke amekaa na wafu wake. Hakusema ana wazimu. Hakusema Mungu amekata maneno. Alikwenda akasema alichokiona, na kitabu kikatunza kazi yake na kupoteza jina lake. Mimi si nabii, sina sauti wala elimu kubwa, na furaha yangu ya sasa inanifanya nilie ovyo. Lakini kazi ya mtu yule naiweza. Ndiyo maana barua hii siitumi Kalima tu, naiacha wazi ili asomaye asome: kwamba katika Kindu ya njaa mwanamke mmoja alikaa juu ya mkeka, akamlinda mtoto wake na mbwa mpaka mvua zikaja, na hakuwa na wazimu, na hakuwa na kosa.

Pumzika sasa, Yaya wangu mzuri. Inua mgongo kidogo, ulikaa sana. Msalimie Musafiri mwenye masikio ya baba yetu, mwambie ana baba mdogo mpya anayenuka mafuta ya mashine. Na watu nimewaambia.

Mdogo wako